Alizeti Zisizokamuliwa

Watu wa kule mbele ya kijiji cha Zuzu wakikusimulia habari zangu wataanza na geti. Watasema kuna mtu alikuja na kiburi cha mjini akaweka geti la chuma kwenye shamba la uwele. Ni kweli, niliweka. Nililichomelea mwenyewe kwenye karakana yangu ya mjini, Kizota, bomba nene, bawaba nzito, na juu nikapinda nondo mfano wa jua linalochomoza. Ukipita Nzuguni ukaona geti la namna hiyo kwenye nyumba ya mkubwa, ujue limetoka mkononi mwangu. Darasa la saba sikumaliza. Nilishuka kutoka Kondoa na suruali moja na kanzu ya marehemu baba, nikaanza kwa kuwashikia watu chuma wakichomelea, macho yananiwasha kama yametiwa mchanga. Leo karakana ni yangu, na kuna wahandisi wanaokuja na michoro yao, wananikunjulia mezani na kuniuliza, "Fundi, hii itabeba?" Nikisema itabeba, inabeba.

Kwa hiyo tusianze na geti. Tuanze na dada yangu.

Shamba lile sikununua kwa ajili yangu. Jembe nililiacha utotoni na sijawahi kulikumbuka. Nililinunua kwa ajili ya dada, aliyenilea mgongoni mwake mama yetu alipofariki. Kwetu milima imeliwa na makorongo. Shamba alilonilishia liliondoka na mvua kipande kwa kipande, mpaka mwaka mmoja tukatazama tukaona hakuna shamba, kuna shimo tu. Akaolewa, akafiwa na mume, wakwe wakachukua na shamba la kule. Nikamleta Nzuguni nikamjengea chumba chake nyuma ya nyumba yangu, sakafu ya vigae, bomba ndani. Mtu mwingine angeshukuru mpaka kufa. Yeye alishukuru, kisha akawa anakaa mlangoni amenyoosha miguu, siku nzima anatazama vigae.

Nikamuuliza, "Dada, unataka nini?"

"Nataka kulima. Basi."

"Nitakupa shamba lako mwenyewe, hakuna mkwe wala korongo litakalokunyang'anya."

Akasugua magoti yake. "Niharakishie, mdogo wangu. Haya magoti hayatanisubiri."

Nikaharakisha. Muuzaji naye alikuwa na haraka kuliko mimi. Alinitembeza shambani asubuhi, udongo mwekundu mzuri, mtama wa majirani umesimama pande zote. Nilimlipa papo hapo kama ninavyofanya mambo yangu yote. Nikajenga nyumba ndogo ya bati pembeni, nikaweka geti, nikampeleka dada na jembe lake. Alishuka kwenye gari akainama, akachota udongo akaunusa. Siku hiyo alitembea kama msichana.

Mvua za kwanza zilipopiga, ule wekundu ukaondoka. Ulikuwa umemwagwa juu tu, kama mtu anavyopaka rangi chuma kilichooza. Chini yake kukatokea mchanga wa kijivu, laini kama unga, na mimi nikajua papo hapo, maana kazi yangu nyingine ni kutengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ule ulikuwa marudio, mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishakamatwa kwa zebaki. Yule bwana alikuwa na uwanja wa karasha pale miaka mingi. Alipomaliza dhahabu yake akafunika uchafu na kuniuzia mimi. Nilimtafuta mpaka nikachoka. Simu haipatikani, nyumba amehama.

Uwele wa dada ulitoka wa njano, ukafika usawa wa goti, ukakwama. Nikaleta samadi, lori juu ya lori. Ukakwama vilevile. Jirani yetu wa upande wa magharibi, Mgogo mwenye mbuzi wengi na maneno mengi kuliko mbuzi, alikuja akaegemea geti langu.

"Mbukwa, fundi," akanisalimu kwa Kigogo. "Samadi yote hiyo unampelekea nani? Hapo palikuwa na karasha."

"Ulijua? Mbona hukuniambia siku nanunua?"

"Ningekuambia vipi? Ulipita na gari, vioo umepandisha."

Dada akacheka. Mimi sikucheka. Lakini nitasema haki yake: huyo jirani ndiye aliyekuwa anamletea dada maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu, hakuwahi kuomba chochote. Dada alikuwa mgeni pale, Mrangi peke yake katikati ya Wagogo, na yale maziwa ndiyo yaliyomfanya awe mtu wa pale.

Ukombozi ulikuja wenyewe mpaka karakanani kwangu. Binti mmoja, mtaalamu wa mambo ya udongo, alileta kekee ndefu iliyokatika shingo.

"Hii inatoboa nini, mwanangu? Mbona haina meno ya chuma?"

"Inavuta udongo kutoka chini, baba. Tunapima viwanja vya zamani vya makarasha, tuone kuna sumu kiasi gani."

Niliacha kila kitu nikaichomelea kekee yake hapohapo, kiungo ambacho hakitakatika mpaka anastaafu. Nikamwambia malipo yangu ni moja, aje avute udongo wangu.

Alikuja. Baadaye alirudi na majibu, akatukalisha mimi na dada kwenye kivuli cha nyumba. Kuna risasi, akasema, yale madini yaliyomo ndani ya betri ya gari, na kuna zebaki. Akasema wanafanya majaribio ya kuusafisha udongo kwa mimea. Iko mimea isiyoogopa madini. Inaota pale uwele unapokufa, na mizizi yake inapovuta maji inavuta na madini kidogokidogo. Alizeti ni mmoja wao. Pembeni tutapanda majani ya vetiveri, mizizi yake inakwenda chini mno, ishike mchanga usitembee na mvua kwenda kwa majirani.

Dada alimtazama kama mtu anayetaniwa. "Alizeti hizi hizi? Nilidhani mtaleta tingatinga."

"Hizi hizi, mama. Lakini hizi hazikamuliwi mafuta. Kitu kikiota hapa hakiliwi. Mbegu haziliwi, majani hayaliwi, hata mlenda ukiota katikati usichume. Na mabua yasiwe kuni. Kila kitu kinang'olewa na mizizi yake, tunakuja na gari tunakipeleka kwenye shimo maalumu."

"Misimu mingapi mpaka nipande chakula?"

Binti hakumdanganya, na hilo namheshimia. "Mingi, mama. Na zebaki ni ngumu kuliko risasi. Siwezi kukutajia mwaka."

Dada akainuka akachukua jembe lake. Kisha akasema, "Basi tuanze leo, msinimalizie siku kwa maneno."

Nakuambia, sijaona alizeti kama zile. Wataalamu wengine waliokuja kuzitazama walishangaa, na mimi nikawaeleza kwamba ni kwa sababu nilichimba mifereji ya kushikilia maji kwa jinsi nilivyoona mwenyewe, si kwenye karatasi yao. Zilisimama juu ya kichwa cha dada. Uwele wa majirani ulikuwa unahangaika na jua, shamba langu la sumu limewaka njano mpaka abiria wa treni, reli inapopita karibu, wanatoa vichwa madirishani. Dada alikuwa anaamka alfajiri anapalilia mmea asioweza kuula. Nilimwona anaongea nao. Alikuwa amerudi kuwa yule aliyenibeba.

Zilipoanza kukomaa, shida ikawa ndege na watu. Akina mama walipita wakisema, "Fundi, mbegu hizo zote, utatugawia?" Binti akanipigia akasema tukate vichwa mapema kabla mbegu hazijakauka, ili mtu asije akaziiba akazikamua. Mabua yasubiri gari lao, litakuja ndani ya siku chache, yang'olewe na mizizi.

Kazi ya vichwa nikaichukua mimi. Wao wangeweka kwenye mifuko, nani asiyejua mfuko unavyotoboka? Nilileta mapipa ya chuma kutoka Kizota na jenereta juu ya gari. Tukakata vichwa, tukajaza, nikafunika vifuniko na kuvichomelea pande zote, cheche zinaruka. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Nilichora fuvu kwa rangi nyekundu kwenye kila pipa. Jirani akauliza, "Sasa fundi, hayo ni maalizeti au umefungia majini?"

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Sumu yote ya shamba hili imo humu ndani. Na nikishachomelea mimi, haitoki."

Watu wakapiga makofi. Dada alikuwa amesimama mbele yao, na sijui kama nimewahi kumwona akinionea fahari namna ile.

Nikaondoka na mapipa yangu kuyapeleka kwenye shimo lao, ufunguo wa geti nikamwachia yeye.

Gari la mabua halikuja siku iliyosemwa. Likawa na safari nyingine, kisha likawa linatengenezwa. Ningeweza kulitengeneza mimi kwa asubuhi moja, lakini nani aliniuliza? Ninyi mnaokaa mjini hamjui, au mmesahau, kwamba kwenye nchi hii ya ukame shamba likishakatwa vichwa si la mtu tena. Uwele ukikatwa, mtama ukikatwa, mabua ni ya mifugo ya majirani. Hakuna anayeomba. Mwenye shamba anaondoa miiba yake mlangoni, mbuzi wanaingia, wanakula, wanamwachia samadi. Ukimfungia mwenzio mabua wakati wa kiangazi, mbuzi wake wamekonda, wewe ni mtu wa namna gani?

Nilifika na yule binti, hatimaye, tumelitangulia gari lao. Geti liko wazi pande zote mbili. Ndani hakuna bua. Vimebaki visiki vilivyotafunwa, na vinyesi vya mbuzi vimetapakaa shamba zima kama kunde zilizomwagika. Dada alikuwa anafagia uwanja wake. Alitupokea kwa furaha.

"Mmechelewa, lakini kazi nimewapunguzia. Niliwafungulia mbuzi wa jirani. Wamekula mpaka wamelala. Na mbolea wametuachia, tazameni."

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia dada yangu. "Dada! Umefanya nini? Si uliambiwa?"

"Niliambiwa sumu. Sumu si uliichomelea?" Alisema taratibu, hakuwa ananibishia, alikuwa anataka kuelewa. "Ulisema yote imo kwenye mapipa. Watu wote walisikia. Sasa mabua matupu ningewanyima kwa nini, watu wanaoninywesha maziwa?"

Yule binti alikuwa ameinamia visiki. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kwenye alizeti madini hukaa zaidi chini, kwenye mizizi na mabua, kuliko kwenye vichwa.

"Hukuniambia hivyo," nikamwambia.

"Nilisema kila kitu kinang'olewa, baba."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na bado naona alipaswa kusema zaidi. Mtu aliyesoma anasema nusu, anadhani nusu iliyobaki tutaijaza kwa akili. Tunaijaza kweli, kwa akili tuliyonayo.

Kisha akamuuliza dada kuhusu maziwa.

"Asubuhi nimekunywa," dada akasema. "Kama kila siku."

"Hayo hayatakuangusha leo, mama. Ila usinywe tena mpaka tupime. Wao pia wasinywe."

Ikabidi aende mtu kumwambia jirani. Nilikwenda mimi, sikumtuma mtu. Nilimkuta zizini. Mbuzi walikuwa wazima kabisa, wanacheua, ngozi zinang'aa kwa shibe. Akanisikiliza mpaka mwisho, yeye asiyeweza kunyamaza.

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

"Hawa walikuwa wa mahari, fundi. Ya kijana wangu. Wakwe wanakuja kuwatazama wiki hii."

"Wazima hao. Usiseme kitu."

"Niwape watu mbuzi nijue walichokula, binti yao aje alale kwangu?" Akanitazama kama anatazama kitu kilichoharibika. "Hivyo ndivyo mnavyouziana huko?"

Habari haikuhitaji kusemwa, ilikwisha kutembea. Wakwe walituma watu kusema mahari wanaipokea, lakini si kwa mbuzi wale. Watoto wakawapa jina, mbuzi wa betri. Maziwa yalipopimwa risasi ilikutwa, si nyingi, lakini ilikuwapo, na binti akasema wasichinjwe wala wasikamuliwe kwa muda, mpaka wapimwe tena. Mtu ana zizi limejaa na hana cha kula wala cha kutoa.

Nikafanya wajibu wangu. Nilikwenda mnadani nikachagua mbuzi wazuri kuliko wake, beberu mmoja alikuwa kama ndama, nikawapakia nikampelekea mpaka mlangoni. Hakuwashusha.

"Wangu nawajua mama zao, fundi. Hawa, wakwe wakiniuliza wametoka wapi, niseme nimepewa na geti?"

Nikageuza gari na mbuzi wangu wanalia nyuma. Sijawahi kurudishiwa kazi na mteja hata mmoja katika maisha yangu. Yule alinirudishia.

Na wenye majaribio nao wakanirudishia. Wakubwa wa yule binti walisema hawawezi kuendelea kwenye shamba lisilo na ulinzi. Ulinzi! Niliwauliza kama wamewahi kuona geti kama langu kwenye shamba lao lolote. Binti alitazama chini. Wakang'oa vibao vyao wakaondoka, wakaniachia vetiveri pembeni na samadi yenye risasi katikati. Kile tulichokivuta msimu mzima kilikuwa kimerudi udongoni kwa njia ya tumbo la mbuzi.

Siku kadhaa zikapita. Kibuyu hakikuja. Kisha asubuhi moja akajifunga khanga akaniambia nimsindikize kwa jirani. Nikasimama nje ya uzio wa miiba, yeye akaingia.

"Nimekuja kwa sababu aliyefungua ni mimi," akasema. "Mdogo wangu hakuwepo."

Jirani akamsogezea kigoda. "Ulifungulia mifugo shamba lililokatwa. Ungelifunga, ndipo ningekushangaa."

"Nilikuharibia mahari."

"Ulifanya anavyofanya mtu. Wewe huna deni hapa, mama." Akanitazama mimi juu ya miiba, akarudisha macho kwake. "Umekuja kulima, mwaka wa ngapi huu hujalima? Hapo nyuma ya zizi kuna kipande kilikuwa cha mama yangu. Kimelala tu."

Nilisikia kila neno. Nilitaka kusema dada yangu ana shamba, nimemnunulia mimi kwa jasho langu, haazimi ardhi ya mtu. Nikachelewa. Dada alikuwa amekwisha kuinama, anachota udongo wa nyuma ya zizi, anaunusa.

Njiani nikamuuliza, "Na lako?"

"Lako hilo linataka miaka, mdogo wangu," akasema. "Mimi sina."

Alisema "lako". Sijui kama alijisikia akilisema.

Sasa mvua zikianza anatoka kwenye nyumba niliyomjengea, anapita katikati ya shamba nililomnunulia, jembe begani, anakwenda kulima kwa mwingine. Amepata karanga, amepata njugu mawe, uwele wake umefika juu. Nami kila msimu napanda alizeti. Naletewa maneno karakanani, mafundi wangu wanacheka nikigeuka, wanasema mzee amekuwa mkulima wa maua. Zikikomaa nazing'oa mwenyewe, vichwa, mabua na mizizi, sisubiri gari la mtu, nazipeleka kwenye shimo nililolijengea zege, na mlangoni nasimama mpaka kazi iishe. Jirani tunasalimiana. Maneno mengine hatuna.

Juzi yule binti alipita kwa hisani yake tu, hakutumwa, akavuta udongo kwa kekee ile niliyomchomelea. Alipopiga simu alisema risasi imepungua. Kidogo, lakini imepungua. Niliacha geti la mteja halijapoa, nikaendesha moja kwa moja mpaka kule, nikamkuta dada amekaa chini kwenye kipande chake, maana kuinama sasa hawezi, analima akiwa amekaa, anajisogeza kwa makalio mstari kwa mstari.

"Dada, imepungua. Imepungua kweli, wamepima."

Akafurahi, hilo sitasema uongo. Akanishika mkono kwa mkono wake wenye udongo.

"Vizuri," akasema. "Sasa utamlimisha nani?"

Nikasema nitalima mwenyewe. Alicheka mpaka akaweka jembe chini, na wake wa jirani waliokuwa wanapalilia upande wa pili wakauliza kuna nini, naye akawaambia, nao wakacheka. Nikasimama palepale na viatu vyangu vya karakana, nikingoja wamalize.